Salamu Ndani ya Kamashini

Siku ya ine, mangaribi.

Kamashini ka kupima kanafanya kazi tena. Ningefurahi zaidi, lakini...

Ni kale ka bwana yangu, Papa Neema. Unaingiza miguu ya transista, kale kapande kadogo ka ndani ya radio, unafinya, kanakuambia kama ni nzima ao imekufa. Alikanunua kisha volkano kulipuka, tuliporudi toka Sake tulikokuwa tumekimbilia. Akaandika salamu ndani yake, kila ukikawasha: "Bonjour Mama Neema." Nilikuwa najifanya nimekasirika: "Unanisalimia kwa mashini, na mimi niko hapa?" Alikuwa anacheka mpaka kukohoa.

Waasi walipoingia mujini, akakimbilia Beni. Nilibaki na mutoto wetu Neema hapa Murara, ninatengeneza maradio mbele ya nyumba. Kisha kamashini kakaanza kuonyesha alama zisizosomeka. Bila hako ninabahatisha tu, na watu wameanza kupeleka radio zao kwingine.

Leo nilikapeleka kwa Fiston, fundi wa Katindo. Akakafungua, akaunga waya iliyokatika, akakaunganisha na kompyuta yake.

"Mama Neema, programu imeharibika. Nikiweka mupya, ya zamani inatoka yote. Hata salamu ya bwana yako."

 Neema alikuwa ananivuta kikwembe, njaa imemushika.

"Weka," nikasema.

Alipomaliza akaniuliza tuandike nini pale mwanzo. "Ao niandike Bonjour Fiston?"

"Jaribu uone! Acha wazi, ndugu yangu. Mwenyewe atakuja kuandika."