Nikimlalamikia mwenye nyumba, anadhani ni utani

Bi Getruda mpendwa, shikamoo. Nakuomba msaada nikiwa nimechoka, unisamehe nikirefusha. Mimi ni kijana wa Kizaramo kutoka Kisarawe, karani wa masjala katika ofisi moja hapa Tabora, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na nimepanga chumba Gongoni kwa Mzee Lugembe, Mnyamwezi wa umri wa baba yangu, ambaye hukodisha spika za harusi, na kila jioni nikirudi kazini huzijaribu uani, chini ya dirisha langu, mpaka vikombe vinatembea mezani, na alfajiri anaanza tena, nami sina usingizi wala kichwa, na juzi nimechanganya majalada ya watu wawili, mkuu wangu akasema likitokea tena nirudi kwetu.

Nilitaka kumweleza mzee, lakini niliogopa asinifukuze, na kwa kuwa tangu nilipohamia ananiita mtani, nikaona niupitishe ujumbe kwa utani, nikasema, "Wewe Mnyamwezi, mzigo kazi yako ni kubeba! Jitwike spika hizi uzipeleke pwani kama babu zako." Akacheka mpaka akashika ukuta, akamwita mkewe. "Mama Masolwa, njoo umwone Mzaramo anayekimbia ngoma! Ngoja, mtani, nikuongezee." Akaongeza kweli. Sasa kila nikilalamika anaita majirani waje wasikie, nami nacheka nao huku moyoni nina hasira, maana ni watu wema, nilipougua malaria mkewe ndiye aliyeninywesha uji. Je, mpangaji kama mimi ana haki yoyote, au nivumilie tu?

Mpangaji, Gongoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, kukosa usingizi ni ugonjwa. Lakini Mzee Lugembe hajakukatalia kitu, kwa sababu hujamwomba kitu. Umemtukana, naye akafurahi, kama watani walivyofanya tangu misafara ya mizigo. Ulitegemea nini? Woga wako umeuvika kicheko, halafu unamlaumu mzee kwa kutouona.

Haki unayo. Aliyekupangisha chumba amekupangisha na utulivu wake, awe mtani au mjomba. Wala hawezi kukutolea vyombo nje kwa sababu tu umelalamika.

Jumamosi asubuhi, akishazima spika, mwendee pamoja na jirani mmoja mtu mzima. Mwamkie kwa heshima, ukae, useme, "Mzee, leo hakuna utani, kazi yangu inaponyoka." Mweleze habari ya majalada. Mwombe ajaribu vyombo vyake mchana ukiwa ofisini. Biashara yake haitakufa. Hiyo ndiyo heshima kwa watu waliokuuguza, si kuchekacheka na kuwachukia moyoni. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na huko nako usipige chenga, sema shida yako.

Atajaribu kukuchokoza. Namjua Mnyamwezi, mimi mwenyewe ni mmoja wao. Akicheka, wewe usicheke.