Shubiri ya Mama Msiimwagilie

Misheni ya Puge,
Nzega.
Mei 9, 1954

Mpendwa mdogo wangu Modest,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, na ya Flavia pia marahaba. Hamjambo huko kwenye ukungu na chai yenu? Mtoto Veneranda, somo wa mama, kikohozi kimemwacha? Sisi hapa kunakucha, kunakuchwa. Shemeji yako Wenceslaus miguu bado imevimba, ila juzi alijikongoja na fimbo hadi mlango wa zizi akawagombeza ng'ombe, nikajua anapona. Mimi siumwi popote. Nimechoka tu.

Barua yako ilikaa kwa katekista Bernardo siku kumi, kwa kuwa alisafiri Tabora na ufunguo wa sanduku la barua akaondoka nao. Nimeisoma mara tatu. Unasema shubiri uliyoikata kaburini kwa mama imegeuka nyekundu, kisha majani ya chini yamelainika na kunuka, na unaomba nikutumie nyingine kwa sababu huku ipo tele. Modest, nikuambie mapema usije ukaona nakuzungusha. Huku haipo tele. Huku haipo kabisa. Hiyo inayooza kwenu ndiyo peke yake iliyobaki, na hiyo ikifa, shubiri ya mama imekwisha.

Ilikuwaje nitakueleza, lakini kwanza tuiokoe, maana Juni inakuja na wewe mwenyewe uliandika kwamba huko nyasi huamka nyeupe kwa baridi.

Anayeimwagilia ni nani? Usimsingizie Flavia, nakujua. Sisi watu wa huku tukiona jani limenywea, mkono unakwenda wenyewe kwenye kata ya kutekea maji. Nusu ya mwaka tunatazama mawingu, kwa hiyo kwetu maji ndiyo upendo. Lakini shubiri ikigeuka nyekundu wakati wa baridi haina kiu. Inasikia baridi. Ukiinywesha hapo unaiua, tena kwa huruma.

Sasa fanya hivi. Ing'oe yote. Chukua kisu kikali, kipitishe motoni, ukate shina kuanzia chini kupanda juu mpaka uone pamekuwa safi, pasipo hata doa la kahawia. Hata ukibakiwa na kichwa kama ngumi, wewe kata. Kama ina vitoto pembeni, vitenge, kila kimoja kivyake. Paka jivu kwenye vidonda. Halafu usipande! Viweke juu ya ungo, mahali pakavu, wiki mbili nzima, mpaka kidonda kifanye gamba. Mama alikuwa akisema shubiri ni kama mtu aliyefiwa, usiiharakishe.

Tafuta debe, ulitoboe chini matundu mengi. Udongo wenu mweusi usiutumie peke yake, unashika maji. Changanya na mchanga wa mtoni na matofali mabovu yaliyopondwa, udongo uwe kidogo kuliko hivyo viwili. Ukishapanda, usimwagilie. Kipupwe chote debe likae ndani, dirishani penye jua la asubuhi, si jikoni kwenye moshi. Usiku wa baridi kali lifunike gunia, asubuhi lifunue. Majani yakisinyaa, yaache yasinyae. Mwisho wa Agosti kikombe kimoja cha maji, basi. Flavia aifiche kata.

Utauliza dada yako Koleta ameyajuaje haya ya baridi. Nilimwendea Sista Getruda wa zahanati, nikamngoja mpaka akamaliza wagonjwa wake wote. Kwao Ulaya, anasema, mimea ya namna hii huingizwa ndani miezi ya baridi kama mbuzi. Alicheka kwanza. Nilipomwambia ni ya kaburini kwa mama, akavuta kiti.

Nikiandika nakumbuka ulivyoachishwa ziwa. Mama alijipaka hiyo hiyo shubiri, ukalia siku mbili, ukamtupia kibuyu cha maziwa. Leo wewe ndiye mlinzi wake. Mungu naye ana mzaha.

Sasa la kwangu. Uliandika kwamba kaburi la mama lisakafiwe kama makaburi ya wenzetu. Fundi Nassibu alipokuja akasema shubiri itoke, itapasua saruji. Nikaing'oa na vitoto vyake vyote, nikaifunga kamba, nikaitundika juu ya mlango wa jiko. Nilifanya kama wakubwa wetu. Si tuliambiwa kila tukinywa uji kwamba bibi alimfuata babu Ngollo kwenye msafara wa wapagazi na shubiri ya mama yake ndani ya nguo, ikaenda pwani ikarudi bila udongo, akaipanda Tura ikachipua? Ndiyo sababu katika ukoo wetu kila anayehama hukata kitoto kaburini kwa mama yake, na kikimfia hurudi kwa ndugu kuomba kingine. Kwa hiyo nilijua shubiri haifi. Nikasema, saruji ikikauka nitaipanda pembeni.

Saruji ilikauka siku nne. Siku ya tano Wenceslaus akaanguka. Nikawa mimi wa hospitali, mimi wa shamba, mimi wa ng'ombe, mimi wa kisimani. Kila siku nilipita chini ya ile shubiri na ndoo ya maji, Modest. Kila siku, mwaka mmoja na miezi miwili. Nikiiona nasema, hii haina neno, hii ni ngumu. Machi hii nilipoishusha ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga. Nikaipanda hivyo hivyo, nikamwaga maji, nikakaa chini nikalia mpaka mbwa akaja kunitazama. Nikatuma neno kwa shangazi Benedikta kule Tura. Yake iliteketea kwa moto wa kiangazi, pamoja na ua wote.

Nisamehe. Wewe uliipenda mno, mimi niliiamini mno. Na tuseme ukweli, hata mama tulimfanya hivyo. Si tulisema mama hachoki? Alipoanza kuketi katikati ya tuta tulimcheka, tukasema mama siku hizi anadeka. Akafa udongo haujakauka kwenye jembe lake.

Na mimi mnaniona hivyo hivyo. Kila barua yako inaanza, dada wewe una nguvu. Sina, mdogo wangu. Nilipita miezi yote hiyo na maji kichwani na hakuna aliyeniuliza kama nimekunywa.

Nimemwita Nassibu tena, akavunja saruji upande wa kichwani. Kuna tundu pale, linatosha shubiri moja. Alinung'unika sana, eti nimemharibia kazi. Nikamwambia avunje.

Ikishika mizizi na ikazaa kitoto, usikifunge kwenye kifurushi ukakitia treni. Omba ruhusa kwa bwana wako, ushuke na basi la kampuni ya reli hadi Dodoma, upande treni hadi Tabora, ukilete mwenyewe kabla ya siku ya Marehemu Wote. Ni miaka mitatu sasa tangu tulipoagana stesheni.

Wenceslaus anakusalimu, anauliza kama huko kuna tumbaku ya maana. Shangazi Benedikta amesema nikuandikie kwamba bado anaona vizuri kwa jicho moja. Katekista Bernardo naye salamu, ingawa namdai siku kumi zangu. Mpe Flavia pole ya baridi, na somo wa mama umbebe begani kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote, na debe hilo alitazame.

Na kama itakufa, Modest, usiniandikie. Njoo uniambie.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Koleta