Baba Elihuruma na Slaidi ya Bibi Nosim

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka tukakulaza Nkoaranga, kando ya migomba uliyoipanda mwenyewe. Tumelia mpaka tumechoka, na sasa tunaweza hata kukucheka kidogo.

Maana ulikuwa na vituko! Pale studio yako ya picha Themi, ukianza kunakili kwa kamera slaidi za zamani, zile picha za filamu zinazoangaziwa kwa taa, au hati ya mtu, mapazia yanashushwa, taa ya tyubu inazimwa, na mwenye sweta jekundu anatolewa nje kama mwizi. "Nyekundu inaruka," ulisema, "itamkalia mtu usoni." Mama alikutania kwamba hata yeye ulimchumbia baada ya kumpima kwa taa. Lakini hati iliyofifia ilitoka mikononi mwako ikisomeka, na mwenyewe akaenda zake anatabasamu. Ulikuwa mpole kwa watu wote, ukiacha wenye masweta.

Ulituacha hujamaliza slaidi ya mteja wako Bibi Nosim, picha pekee ya harusi yake na marehemu Tajeu. Wajukuu hawakuwahi kuiona sura ya babu yao. Bibi alikuja msibani, akatoa pole, kisha akamwambia binti yako Anande, "Nirudishie slaidi yangu, mwanangu, isije ikapotea." Anande akamwomba amwachie ajaribu.

Akakosea. Aliona nyuso za maharusi zimeiva kwa wekundu, akadhani slaidi imezeeka, akaigeuza rangi ya taa hadi nyuso zikapoa. Bibi alipoiona picha akaguna. "Hizi shuka za kahawia ni za nani? Zetu zilikuwa nyekundu. Na huyu mgonjwa? Tajeu hakuwa hivi."

Anande aliumia, akaona amekuaibisha. Ndipo akakumbuka masweta yako. Ule wekundu haukuwa uzee wa slaidi. Jua lilipiga shuka nyekundu za Kimaasai walizovaa, nazo zikawaangaza maharusi usoni. Akaanza upya ulivyomfundisha. Akapiga picha ya taa tupu kwanza, akairekebisha rangi yake hadi nyeupe ikawa nyeupe kweli. Akapunguza mwanga ili mawingu ya Mlima Meru pichani yasiungue yakawa weupe mtupu. Kisha akaweka slaidi, akapiga, wala hakugusa kitu tena.

Akampelekea Bibi picha nyumbani kwake. Bibi akaisogeza dirishani. "Ndiye," akasema, machozi yakamtoka. Akamvuta mjukuu wake Silantoi. "Njoo umwamkie babu yako."

Silantoi akaisogelea picha, akainamisha kichwa kama wafanyavyo kwao mbele ya wazee. "Shikamoo, babu."

Bibi Nosim akamwekea kiganja kichwani, kuitikia salamu kwa niaba ya mumewe.

Unakumbukwa na mkeo Sia, wanao Anande na Gidion, mdogo wako Elisaria, wajukuu, na majirani wa Themi na Nkoaranga. Hututoki moyoni, Baba, leo wala kesho.