Jirani wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Trela kumi na nne leo. Dereva mmoja amenitukana kwa makosa yaliyo kwenye karatasi zake mwenyewe. Nimemsahihishia. Kazi yangu ni ya forodha: kujaza hati, kugongesha mihuri, kuhakikisha mzigo wa mtu umevuka kwa haki. Hapa mpakani Malaba wananiita Madam Halali. Wananichokoza, lakini ni kweli. Tangu niwe mtu mzima sijavusha hata kiberiti bila karatasi.

Saa tisa wamepiga simu kutoka Amukura, kijijini kwetu. Mama ameanguka shambani akipalilia mihogo. Mdomo umeenda upande. Wanampeleka hospitali Busia. Nimemaliza kwanza trela mbili zilizobaki. Ndivyo nilivyo.

Jumanne, 4 Machi

Nilienda na Amoit, binti yangu wa miaka kumi na tatu. Nilimwombea ruhusa shuleni kwa sababu anampenda bibi yake kuliko anavyonipenda mimi. Silalamiki. Naandika tu.

Mlangoni mwa wodi alisimama askari na sare yake. Sista akafungua faili kando ya kitanda cha mama, akaniuliza mimi ni nani wake.

"Jirani," nikasema.

Sikufikiri. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti tulivu kabisa. Sista akaandika. Akasema basi nimtafutie namba ya simu ya watu wa mgonjwa. Nikasema nitaleta.

Mama hawezi kusema. Upande wa kushoto umepooza. Masikio ni mazima. Alinitazama, halafu akafumba macho.

Tulitembea na Amoit mpaka stendi. Hapo ndipo akaniuliza, "Nikilazwa mimi, utasema ni mtoto wa nani?"

Nilimnunulia ndizi. Hakuila.

Jumatano, 5 Machi

Leo sijafanya kazi ya maana. Wacha niandike, labda itatoka.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa akivusha sukari ya magendo kutoka Uganda kwa njia za panya. Tulivuka mto pale maji yanapofika magotini. Yake aliificha ndani ya mzigo wa kuni. Mimi nilifungwa mifuko miwili tumboni, juu yake sweta ya shule. Polisi hawakupekua watoto. Sheria ya mama ilikuwa moja: nikishikwa, wewe hunijui. Usilie. Usigeuke. Nenda moja kwa moja nyumbani. Tulifanya mazoezi jikoni. Yeye anakuwa polisi, ananiuliza kama huyu ni mama yangu, mimi nasema simjui. Nikicheka, tunaanza upya.

Siku moja wakamshika kweli. Afande akanikamata bega akaniuliza. Nikasema simjui. Mama akamwambia amwache mtoto wa watu aende shule. Nikaenda. Sikugeuka. Nililala peke yangu siku mbili, nikatafuna mihogo mibichi. Niliogopa hata kuwasha taa.

Mama alirudi jicho limevimba. Hakuuliza nimelalaje. Aliuliza sukari. Ilikuwepo yote. Akaninunulia soda, chupa nzima, yangu peke yangu, akawaambia wanawake wenzake kwamba huyu mtoto ana akili kuliko watu wazima. Eh, nilijiona malkia. Mama yangu hakuwa mtu wa kusifu. Alinisifu mara hiyo moja tu, na alinisifu kwa kumkana.

Basi nikashika somo. Baba Amoit aliponiacha alisema amechoka kuishi na mwanamke ambaye wakiwa mjini anatembea hatua kumi mbele kama hamjui. Nikasema ni mjinga, shauri yake. Kumbe hakuwa mjinga.

Alhamisi, 6 Machi

Nilienda kusahihisha. Njia nzima nilikuwa najifundisha: ni mama yangu, juzi ulimi uliteleza. Sista wa leo alikuwa mwingine. Askari yule yule. Nikafika mezani, nikauliza saa za kuona wagonjwa. Nilizijua. Zilikuwa zimeandikwa ukutani juu ya kichwa chake.

Nikakaa na mama, nikamlisha uji kwa kijiko. Nikainama nimwambie sikioni. Mgonjwa wa kitanda cha pili akawa anatuangalia. Nikampangusa mdomo. Nitamwambia Jumamosi, kazi ikiwa nyepesi.

Sijui alipofumba macho juzi aliumia, au alikuwa ananisifu tena. Nataka kujua hilo kuliko ninavyotaka apone. Ni vibaya kuandika hivyo. Nimeandika.

Jumamosi, 8 Machi

Kitanda kimetandikwa shuka safi. Nimesimama hapo na chupa ya uji.

Alikufa jana saa kumi jioni. Sista aliniambia polepole, akanionyesha faili. Walitafuta mtu wa kumpigia simu. Walikuta jirani tu, tena bila namba. Sina wa kumlaumu. Jana saa kumi nilikuwa nagongesha mihuri ya lori la saruji.

Jumatatu, 10 Machi

Karani wa mochari hanipi mwili. Si mtu mbaya. Hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Nilimwambia mimi ni mtoto wake, tena mtoto pekee. Akasoma faili, akaniambia hapa wewe ni jirani, mama. Lete barua ya chifu.

Nikarudi Amukura. Chifu akaandika mistari mitatu, kwamba huyu ni binti wa marehemu, akapiga muhuri. Mihuri naijua, nimeishika maisha yangu yote. Huu nilishindwa kuutazama. Nilisimama juani nje ya ofisi yake nikaisoma barua mpaka mtu akaniuliza kama nimepotea.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemzika. Wanawake waliovuka naye zamani walikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, wazee sasa, mmoja anashikiliwa mkono. Mhubiri akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akaninyooshea kidole, akawaambia watu watazame kazi ya mama huyu, binti yake ana ofisi mpakani. Watu wakapiga makofi. Amoit aliinamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze kabla ya mama.

Wakaita watoto wa marehemu wasimame. Nilisimama peke yangu.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

Sikuweza kuendelea. Wakadhani ni kilio cha kawaida, wakaanzisha wimbo. Nilitaka kuwaambia ngojeni, hamjaelewa, hayo ndiyo yote niliyokuwa nayo ya kusema. Waliimba mpaka mwisho. Nimechelewa siku nane.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza. Hatukuenda kanisani. Tulikaa kwenye veranda tukimenya njugu ambazo mama alikuwa amezihifadhi za mbegu. Mtu lazima azipande.

Tangu siku ile ya hospitali, Amoit ananijibu tu, haongei nami. Leo nimemwambia yote. Sukari, mazoezi ya jikoni, afande, zile siku mbili, soda. Nilisema kama mtu anayekiri wizi. Nilingoja anihukumu. Ningekubali.

Aliuliza kitu kimoja tu, nilikuwa na miaka mingapi. Nikamjibu saba. Mikono yake ikasimama juu ya njugu.

"Ulikuwa mdogo, mama," akasema.

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Hata mimi sijawahi kujiambia. Nililia mpaka akaniondolea sinia mapajani. Akaliweka juu ya lake, akaendelea kumenya, zake na zangu.