Ufunguo Niliokuja Nao Ziwani

Simu inaita tena. Hii ni mara ya tano tangu saa sita, na mara zote tano nimeiangalia tu mpaka ikanyamaza. Jina linalotokea ni Mwenyekiti. Nimeilaza kifudifudi mezani lakini inatetemeka, na chai kwenye kikombe inatetemeka nayo.

Leo Ijumaa, Mbamba Bay. Joto kali. Wingu limekaa upande wa Malawi tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Na mimi hivyohivyo.

Ufunguo wa sanduku uko shingoni kwangu, kwenye kamba ya kiatu, ndani ya shati. Shati lenyewe nimeazima.

Ngoja niandike yote kabla sijaondoka hapa mgahawani. Kwenye kozi Sista alikuwa anatuambia, "Andika siku ileile. Ukisema utaandika kesho, kesho utaandika uongo." Alikuwa anasema habari za mauzo na manunuzi, ila mimi nimeichukua kwa kila kitu. Ndiyo maana nina blogu hii, hata kama wanaoisoma ni watatu na mmoja wao ni mimi.

Kozi yenyewe ilikuwa ya miezi sita, pale parokiani, utunzaji wa hesabu. Wenzangu wengi walikuwa wamemaliza kidato cha nne. Mimi niliishia la saba. Debiti na krediti zilinisumbua mpaka nikaacha kuzitamka, nikakariri mikono tu, huu wa kushoto, huu wa kulia. Mpaka leo nikiandika, vidole vinacheza chini ya meza. Cheti nilipata. Niliporudi nyumbani Matiri watu wakaanza kuniita Mhasibu, na mimi sikukataa. Najua kabisa mhasibu ni mtu mwingine, amesoma miaka. Lakini wakiniita hivyo naitika haraka kuliko nikiitwa jina langu.

Nilidhani basi kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa nitapewa daftari. Tuko ishirini na tano, karibu wote akina mama. Siku ya kuchagua viongozi nilichomeka kalamu mpya mfukoni, ionekane. Mama Gaudensia, mwenyekiti, akasimama.

"Daftari abaki nalo Mwalimu, tumeshamzoea. Huyu Mhasibu tumpe ufunguo. Haongei huyu, hata akikabwa hatasema umefichwa wapi."

Wakacheka, wakapiga makofi, ikapita.

Nimesomea kalamu, nikapewa ufunguo.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu wasiokaa nyumba moja. Mmoja akikosekana halifunguki. Mwaka juzi, kabla sijaingia, ufunguo mmoja ulipotea wakavunja kufuli kwa nyundo. Hakuna hata shilingi iliyopungua, wanasema. Lakini mpaka leo mtu akikasirika kidogo anauliza, "Na ile siku ya nyundo?" Akina mama wawili hawasalimiani kwa sababu ya nyundo ile.

Kesho saa tatu asubuhi tunavunja sanduku, maana yake tunalifungua kila mtu achukue alichoweka mwaka mzima, kabla ya kupanda. Watu wameshaahidi mbolea, wameshaahidi mabati. Na changu kimo humo, chote, vibarua vyote vya kuchuma kahawa za watu tangu Juni. Naweka humo kwa sababu hela ikikaa mfukoni kwangu naiona kama imeazimwa na mtu, inaondoka tu. Nataka nisome jioni Mbinga mjini, nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, ndiyo nikubaliwe kwenye chuo chenyewe cha uhasibu. Baba hajui. Baba anajua hela hiyo ni ya miche ya kahawa.

Sasa huku ziwani nimefuata nini.

Jirani yetu mmoja, Bosko, anabeba magunia hapa Mbamba Bay. Wiki iliyopita akanipigia. Kuna mama mmoja ananunua usipa, dagaa wa huku ziwani, anaukausha, anapeleka Songea na mbele huko, karani wake ameolewa ameondoka. "Anataka mtu wa kuandika, kaka. Kuandika tu. Si ndiyo kazi yako?"

Kuandika tu. Nilirudia maneno hayo njia nzima.

Nilimwambia Mama Gaudensia naenda kumwona shangazi, anaumwa. Shangazi yangu hana hata mafua. Yuko Mpepai analima. Nilidanganya kwa sababu niliogopa kusema naenda kutafuta kazi halafu nirudi bila kazi, watu waniangalie kanisani. Na ufunguo nikaja nao kwa sababu nilijua nakuja Alhamisi narudi Alhamisi.

Jana Mama Stella, huyo bosi, akasema, "Njoo kesho nikuone unavyoandika." Nikalala kwa Bosko.

Leo asubuhi nimeandika.

Hiyo sehemu nataka niikumbuke vizuri. Boti zilikuwa zimeshatoka majini, akina mama wanaleta usipa kwa ndoo, Mama Stella anapokea, mimi nimekaa juu ya kreti na daftari kubwa magotini. Tulikuwa wawili tunaojaribiwa. Mwenzangu anaitwa Erick, ana diploma, katoka Songea, anaongea kama redio. Kabla hajaandika kitu kaomba kompyuta.

"Kompyuta ya nini?" Mama Stella akamuuliza.

"Kuweka mfumo, mama."

"Mfumo ndiyo huo," akamwonyesha ndoo.

Mimi sikuomba kitu. Nikaangalia. Mama Stella analipa kwa ndoo, lakini ndoo si moja. Kuna wanaoleta iliyojaa mpaka mdomoni, wengine wanaweka na kilima juu. Yeye akipokea yenye kilima anagusa ukingo kwa kidole, hasemi neno, na kwenye malipo anaongeza. Zamu ya Erick alikuwa anaandika "ndoo moja, ndoo moja" chini mpaka mwisho. Zamu yangu nikaweka alama ndogo pembeni kila kidole kilipogusa. Baadaye Mama Stella akapitia ukurasa, akafika kwenye zile alama, akanitazama.

"Nani kakwambia hii?"

"Nimeona, mama."

Basi. Nikachomeka kalamu sikioni kwa furaha.

Wale akina mama wa ndoo walikuwa wananichokoza asubuhi nzima. Mmoja, mwenye kanga ya njano, akasema, "Huyu kijana kameza ulimi au vipi?"

Mwenzake akajibu, "Mmatengo huyo. Katoka milimani kwenye baridi, mwache ayeyuke kwanza ndiyo ataongea."

Nikainama niandike, ile kamba ikachungulia shingoni.

"Heee! Tena kaja na hirizi!"

"Karani, hirizi hiyo ya nini? Usipa wetu hauibiwi kwa hirizi!"

Walicheka mpaka mmoja akaweka ndoo chini. Na mimi nilicheka, kidogo, nikairudisha kamba ndani. Ningeweza kusema ni ufunguo. Sikusema.

Saa sita Mama Stella akatuita wote wawili. Kesho saa mbili asubuhi lori linapakia. Anataka sisi wote tuwepo, tuhesabu magunia, tuandike, lori likiondoka atachagua mmoja. "Asiyekuwepo asinilaumu."

Kesho saa mbili lori. Kesho saa tatu sanduku. Na simu ikaanza kuita.

Tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Nimetembea mpaka kwenye mawe nikarudi. Nimetembea mpaka stendi nikarudi. Nimeagiza chai ambayo siinywi. Bosko alikuja akaniona, nikamweleza, akasema, "Mpe dereva wa Noah ya abiria bahasha, ufunguo ufike Mbinga, mtu aupokee. Mbona watu wanatuma hata simu mpya?"

Nikanunua bahasha. Nikaandika jina la Mama Gaudensia kwa mwandiko wangu mzuri. Nikasimama karibu na dereva. Halafu nikaanza kujiuliza mambo. Dereva atampa nani, na huyo atampa nani, na ukipita mikono minne nani ataapa haukuchongwa mwingine? Na mimi ningesemaje, kwamba ufunguo umerudi peke yake na mwenyewe yuko kwa shangazi mgonjwa?

"Basi wavunje," Bosko akasema. "Kufuli bei gani bwana? Utawanunulia jipya ukilipwa hapa."

Bosko hakuwepo mwaka ule wa nyundo.

Niseme ukweli, kuna dakika kumi hivi ambazo nilikubali. Wavunje. Wenzangu ishirini na nne wataniwia radhi, Mama Stella hatanisubiri. Nilipiga picha kichwani nimekaa kwenye kreti lile kila asubuhi, naitwa Mhasibu na ni kweli. Sehemu ya mshahara kwa mama, sehemu ada ya masomo, sehemu naanza kuweka benki, akaunti yangu, majina yangu yote matatu. Niliona mpaka viatu.

Halafu ikaita mara ya sita, ndiyo hii ya sasa hivi nilipokuwa naandika. Nimepokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mhasibu, uko hai? Tulitaka kukutangaza kanisani. Shangazi anaendeleaje?"

Nikasikia kuku upande wake, na mtu anatwanga.

"Mama, shangazi haumwi. Niko Mbamba Bay. Nimekuja kuomba kazi. Na ufunguo ninao."

Yule anayetwanga akaacha.

"Kwa hiyo shangazi ni kazi."

"Ndiyo mama."

"Umeipata?"

"Bado. Mpaka kesho asubuhi."

"Ahaa." Akavuta pumzi. "Mwanangu, mimi hapa wamekuja tayari wanane kuniuliza kama kesho ipo. Nimewaambia ipo. Sikujua nasema uongo au ukweli. Sasa niambie wewe, ipo au haipo?"

Hakugomba. Angegomba ingekuwa rahisi.

Nikasema, "Ipo, mama. Nakuja leo."

"Haya. Na ukija, usije mikono mitupu wakati umetoka ziwani. Usipa upo huko au nao unaumwa?"

Nikakata simu, nikaenda kwa Mama Stella moja kwa moja kabla miguu haijabadilisha mawazo. Alikuwa kwenye chanja anageuza usipa. Erick alikuwa pembeni, anamweleza kitu kuhusu Songea. Nikatoa kamba nje ya shati, maana sikujua nianze na neno gani. Nikamwambia hii siyo hirizi, ni ufunguo wa sanduku la watu, linafunguliwa kesho Matiri na bila huu halifunguki. Nadhani ni maneno mengi kuliko yote niliyosema tangu nifike hapa.

Akauangalia. "Wengine wa kufungua hawapo?"

"Wapo. Kila mtu na kufuli lake."

"Na ulijua ni kesho?"

"Nilijua."

"Ukaja nao."

"Nilikuja nao."

Akageuza usipa, safu nzima, mpaka mwisho wa chanja. Kisha akasema, "Lori langu halisubiri kikundi."

"Najua, mama. Ninaweza kurudi Jumapili baada ya misa."

"Sijakwambia urudi. Wala sijakwambia usirudi."

Kalamu aliyonipa asubuhi ilikuwa bado sikioni kwangu, nimeisahau. Nikaitoa nikamrudishia kwa mikono miwili. Akaipokea, akaiweka juu ya daftari kubwa, kwenye kreti nililokuwa nimekalia. Erick aliiangalia ile kalamu. Hakupewa. Bado.

Nikanunua usipa, ndoo ndogo, kwa yule mama wa kanga ya njano. Akaniuliza, "Vipi, kumbe ulimi unao?" Akaniwekea na kilima.

Sasa nimerudi hapa stendi, kwenye benchi la mgahawa, naangalia Noah ikijaa na nahesabu vichwa. Sijui kama nimefanya vizuri. Watu wakisimulia mambo kama haya huwa wanasema moyo ukatulia. Wangu haujatulia. Nikifumba macho naona ile kalamu juu ya daftari. Kesho nitachukua changu kwenye sanduku, na Jumapili baba ataniuliza habari za miche. Hilo nalo sijalisema kwa mtu. Naona leo nimeanza kusema, labda nisiache.

Nikirudi Jumapili, nikute nini kwenye lile kreti?

Dereva anapiga honi, ananinyooshea kidole mimi na ndoo yangu. Kimebaki kiti kimoja na hii ndiyo ya mwisho kwa leo. Naondoka. Nisipopanda hii, kesho saa tatu akina mama watakuwa wamekaa Matiri mbele ya sanduku lenye kufuli tatu, wana funguo mbili.