Moshi Nyuma ya Pazia

Buyenzi, Avenue ya 9,
Bujumbura.
Alhamisi, 9 Agosti 2001

Mpendwa Kaka Nasor,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo? Shemeji hajambo? Na watoto je, joto la Maskati la mwezi huu mnaliweza? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Hamimu yu salama, duka linafunguliwa kila siku Mungu akijaalia, na binti yangu Ghada amemaliza darasa la sita bila kurudia. Milio ya bunduki tunaisikia upande wa milimani, lakini hiyo siku hizi si habari tena.

Barua yako ya mwezi wa sita ilifika. Ghada alinisomea, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika, basi nivumilie. Unaniambia kwamba jicho langu ni umri tu, kwamba mwanamke wa miaka arobaini na minane ashukuru alichopata, aweke sindano chini, aje akae kwako apepewe. Kaka, nakupenda, lakini hapana. Siji kupepewa, na sindano siweki chini.

Hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, jicho la kulia nimelifunga kitambaa. Herufi zikipanda mlima, utanisamehe. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana wewe umesikia kwa watu.

Unajua mimi ni mshonaji wa kofia za mkono tangu mama yetu yu hai. Mwezi wa pili nilimaliza kofia ya bwana harusi mmoja wa hapa mtaani. Wiki saba nimeishona. Ikarudishwa. Mama wa kijana aliiweka mezani, akaigeuza taratibu. Upande wa kulia matundu yote yalikuwa yamekwenda kombo, kama njia ya mlevi, na mi nilikuwa nimeyaona yamenyooka! Alipoondoka niliziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikatazama mlango. Nikaona ukungu mweupe, basi. Nililia, Kaka, sikufichi.

Mwezi wa saba nikaenda kwa daktari wa macho, Namegabe, mtu wa Bukavu aliyefungua kliniki yake ndogo karibu na soko. Alinitia matone, akanimulika, akasema ni mtoto wa jicho. Tena alinieleza kwa subira. Nyuma ya mboni kuna kioo kidogo laini, wao wanakiita lenzi, ndicho kinachokusanya mwanga tukaona. Kinatakiwa kiwe safi kama ute wa yai bichi. Kikidhurika kinageuka cheupe, kama ute ule ukiguswa na moto, na hakirudi tena kuwa safi hata ukidondoshea asali. Na mimi asali nilikuwa nimeshadondoshea! Dawa yake ni operesheni: kinatolewa, kinawekwa kingine cha kutengenezwa.

Halafu akaniuliza kama navuta sigara. Mimi, Kaka! Nikamwambia sijawahi. Akauliza kama nakaa na wanaovuta. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba wanaume wanavuta sebuleni, lakini mimi nakaa nyuma ya pazia.

Namegabe alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, ile rido inazuia macho ya watu. Moshi, ilikuombaka ruhusa ya kupita?"

Yoo! Nyumba yetu unaijua, ila hujaiona ilivyo sasa. Ile risasi ya mwaka tisini na tano ilipoingia dirishani ikavunja vikombe kabatini, Hamimu aliliziba dirisha kwa matofali. Baraza ya nje ikafa. Wanaume waliokuwa wakikaa nje kila siku baada ya Alasiri wakahamia ndani, Ami Muadh mbele yao, na kahawa yao na sigara zao. Taa nzuri ni moja tu, ya sebuleni. Basi Hamimu akanitungikia pazia kwenye pembe, nipate mwanga wa kushonea bila kuonekana na wageni. Miaka sita nimekaa pale. Wanaume wanane wanavuta, mlango umefungwa, na moshi wote unakuja kujaa kwenye pembe yangu. Ushungi ulikuwa unanuka, macho yananiwasha, na mi nasema ni vumbi la uzi.

Simzidishii daktari maneno. Alisema hawezi kuapa kwamba ni moshi peke yake. Umri una sehemu yake, jua pia, na sukari, ingawa hiyo alinipima na sina. Alisema kwa mtu anayevuta mwenyewe jambo liko wazi: sumu ya sigara inaingia damuni, inafika mpaka kwenye lenzi. Kwa anayevutishwa na wengine, mabingwa bado wanabishana. Lakini alisema pia kwamba jicho langu la kushoto limeanza kuingia ukungu pembeni, na kwamba angekuwa yeye, asingekaa kwenye pembe ile hata siku moja zaidi.

Hayo yalinitosha. Mabingwa wabishane hata miaka kumi, macho ni yangu, tena ni mawili tu.

Siku ya pili yake, kahawa ikiwa tayari, nilitoka nyuma ya pazia nikasimama katikati ya sebule. Nikawaambia kuanzia leo humu ndani sigara haiwashwi. Ami Muadh ndiye mkubwa wa ukoo wa Hamimu, na sidhani kama kuna mtu aliyemkatalia jambo tangu uhuru. Akanitazama kana kwamba kabati ndilo limesema.

"Sasa we Kaltum unataka tuende nje tufe na risasi, juu ya jicho yako moja?"

Nikamjibu kwamba sijamtoa mtu. Kiti kipo, kahawa ipo, inayotoka ni sigara. Mmoja akadakia kwamba daktari mwenyewe hakuapa. Nikamwambia na wewe je, utaapa kwamba si moshi? Hakuapa. Wakainuka mmoja mmoja, wakaenda zao kukaa nyumba nyingine.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwaka ule wa risasi, mtaa ulipowaka, Ami ndiye aliyekuja kwa miguu kunichukua mimi na Ghada, akatuweka kwake mwezi mzima. Hamimu hakunigombeza, lakini kahawa yake alikuwa anainywa peke yake, anatazama viti. Mtaa mzima ukanisema: Kaltum anafukuza wazee. Waseme! Wiki tatu nilishona kwenye hewa safi, na kila asubuhi nilijipima jicho la kushoto nikitazama kalenda ukutani.

Na zile katoni mbili za sigara ulizomtumia Ami kwa mkono wa msafiri, kama kawaida yako, zilifikia kwangu. Sikumpa. Nilizichana zote, nikaloweka tumbaku kwenye ndoo, na maji yake akayachukua Odette, muuza mboga wangu, akanyunyizia kabichi zake kule Buterere. Wadudu wamekufa wote. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Sasa sikia la Jumamosi iliyopita. Ilikuwa saa kumi na nusu, bunduki zikalia karibu kuliko kawaida, pale ng'ambo ya mto. Watu wakakimbia barabarani, na mi nikafungua mlango. Waliokuwa karibu wakaingia, wanne, watano. Wa mwisho alikuwa Ami Muadh, anahema, sigara inawaka vidoleni. Alipofika kizingitini akasimama. Na mimi nikasimama mbele yake.

Kaka, nilijua kabisa kwamba akigoma nitamvuta ndani, yeye na sigara yake. Wallahi nisingemwacha nje. Lakini yeye hilo hakulijua. Nikamwambia tu, "Ami, karibu wewe."

Akaitazama sigara, akanitazama mimi. Akaitupa, akaikanyaga, akaingia.

Tulikaa sakafuni karibu saa nzima mpaka kukatulia. Nikaleta birika, na Ami akalishika ajimiminie mwenyewe, maana hataki kumiminiwa. Kahawa ikamwagika mkekani, kando ya kikombe. Akamimina tena, kando tena. Wenzake wakageuza nyuso kwa heshima. Mi sikugeuza. Nikamwuliza mbele ya wote ni tangu lini.

Akaliweka birika chini. Kisha akasema polepole, "Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Mi nilizania ni moshi tu, itapita."

Hakuna aliyecheka. Jana nilimshika mkono nikampeleka kwa Namegabe, na Jumatatu anatufungua wote wawili, mimi jicho la kulia, yeye la kushoto. Ami anaogopa kisu na ananiuliza kila saa kama kinauma. Namwambia hakiumi. Mi pia naogopa, ila hilo nimekuambia wewe peke yako.

Kwa hiyo tiketi usinunue. Sisemi kwamba nitaona kama zamani, daktari hakuniahidi hivyo. Nasema nitabaki hapa kwenye nyumba yangu, na humo ndani hatavuta mtu, awe mzee, awe mgeni, awe wewe umetoka Maskati na masanduku yako.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Bi Sijaona mama mkwe wako umwambie namkumbuka. Hamimu na Ghada wanakusalimu sana, na Ami Muadh pia. Mtuombee Jumatatu.

Mwenyezi Mungu akulindie macho yako, Kaka, na wewe umsaidie kwa kuizima hiyo sigara iliyo mkononi mwako unaposoma hapa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyekutii safari hii,

Kaltum