Kilichokuwa Kwenye Kava la Spea Tairi

Shoga, shoga, shoga! Shemeji yako kaniua leo.

Si unajua anavyojisifia lile gari lake la foo-bai-foo? Leo tumewapakia wazazi wangu, njiani baba akamwambia, "Mwanangu, hizi tairi zina vipara." Akajibu, "Baba, chuma hiki hakishindwi na njia."

Hata hatujafika mbali, paa! Pancha.

Kapiga jeki, kafungua kava la spea tairi mbele ya wakwe zake. Ndani hamna tairi, kuna BESENI 🤣 Beseni, shoga! Tairi alimwazima rafiki yake, akachomeka beseni ili kava lisinywee.

Mama akalikodolea macho. "Si beseni langu hili? Lile lililofanya ninuniane na jirani mwaka mzima, nikidhani kaliiba?"

Tumevutwa hadi nyumbani kwa wazazi. Sasa hivi mama yuko mlangoni kwa jirani anaomba radhi, na shemeji yako kasimama nyuma yake, kabeba ushahidi kichwani.